Mkondo wa Kusini

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni. Ya pili ilipita juu ya paa.

Azzan hakupunguza mwendo.

Land Cruiser yake ilikuwa ikirukaruka juu ya mawe ya bonde kavu. Mbele yake, ndani ya vumbi la upepo wa shamal, Lexus nyeusi ya Dakta Muhanna ilikuwa ikiyumba huku na huku, ikikimbilia upande wa kaskazini.

Redio ikakoroma.

"Kipanga, Kipanga, huyu Kiota. Umemwona? Ova."

"Naziona taa zake za nyuma, Afande. Ova."

"Namtaka mzima. Maiti haihojiwi. Ova na basi."

Kipanga ndiye yeye Azzan, jasusi wa Idara kwa muda mrefu kiasi kwamba majirani walikuwa wameacha kumuuliza anafanya kazi gani. Kiota ni Brigedia Yaarub, mkubwa wake, mtu ambaye hata akikusalimu unajihisi umeshtakiwa. Na yule wa kwenye Lexus alikuwa msomi, naibu wa Kituo cha Bahari cha Khor Malih. Pale kituoni watu huijenga bahari nzima ndani ya kompyuta. Huilisha joto, chumvi na pepo, kisha huiuliza: ukitupa kitu hapa, mkondo utakipeleka wapi?

Dakta Muhanna alikuwa ameiuliza swali la kinyume. Ni wapi nimwage kitu, ili kifike kwenye mdomo wa kiwanda cha maji?

Bahari ikamjibu. Akalifuta jibu, akafuta na vipimo vya karibuni, akatoroka.

Asubuhi hiyohiyo meli iitwayo Al-Nawras ilipotea kwenye rada ikiwa na tangi zima la uchafu wa viwandani wenye zebaki. Aliyeikodi alikuwa dalali mmoja mgeni, Desmet, ambaye kwa bahati ya ajabu alikuwa na meli nyingine za maji matamu zimetia nanga nje ya bandari, zikisubiri mteja. Anayetaka kuuza maji, kwanza hukiharibu kisima.

Na Khor Malih haina kisima kingine. Mji mzima hunywa bahari iliyochujwa. Ukiufunga mdomo wa kiwanda, mji una kiu. Usipoufunga, mji una sumu. Uchafu ule ukishatua mbele ya kiwanda, utakaa hapo majuma na majuma. Dawa ilikuwa moja tu: usimwagwe.

Lexus ikapanda jabali. Ikasimama kwa ubavu.

Azzan alishuka na Glock mkononi, akampokonya msomi bastola, akamvuta kwa ukosi wa kanzu na kumlaza mchangani.

"Amka, Dakta. Safari imeisha."

"Umeniharibia gari."

"Meli iko wapi?"

"Nikikwambia utaniamini?"

"Ukiapa, nitakuamini."

Uso wa Muhanna ukabadilika. Wako watu wa namna hiyo, tena si wachache. Atauza mji na watoto wake, lakini jina la Mungu hatalitia kwenye uongo. Idara ilimjua vizuri. Mahakamani aliwahi kukubali kushindwa kesi kuliko kuapa kwa jambo asilolijua.

Akafikiri. Kisha akajifuta damu ya pua, akakaa vizuri kama mtu anayejiandaa kusali.

"Wallahi laadhim," akasema taratibu, "mkondo wa kusini ndio utakaoifikisha sumu kwenye mdomo wa kiwanda. Al-Nawras imeufuata huo huo mkondo wa kusini. Nimeapa, na sikusema uongo."

Azzan alimkazia macho. Aliwahi kuhoji waongo wengi, na huyu hakuwa mmoja wao.

"Kiota, huyu Kipanga. Mkondo wa kusini. Meli iko kusini ya kiwanda, itakuwa Ras al-Milh. Pelekeni boti zote. Ova."

"Una hakika? Ova."

"Ameapa, Afande."

Upande wa pili hakukuwa na swali jingine. Nchi ile, kwa mtu yule, hilo lilitosha. Tena kila mvuvi wa pwani ile anajua kwamba mwezi huo maji hupanda kwenda kaskazini. Hesabu ilikaa sawa kabisa.

Boti zote zikaelekea kusini.

Azzan alimfunga Muhanna pingu kwenye kiti cha nyuma, akashika barabara ya kiwandani. Njiani simu ikalia. Alikuwa mkewe.

"Uko wapi?" Ghaliya akauliza.

"Kazini."

"Mbona sauti yako ina vumbi?"

"Ni upepo. Umeshaunganishwa na mashine?"

"Waliniunganisha, wakanizima. Wanasema presha ya maji imeshuka, kiwanda kimepunguza kuvuta kwa tahadhari. Muuguzi ananichekea kwa meno, macho yanasema mengine." Akavuta pumzi. "Azzan, miguu imevimba. Juzi pia nilitolewa kabla ya wakati."

"Watawasha."

"Usinidanganye. Mimi si Brigedia wako."

"Watawasha, Ghaliya."

"Nikifa utamwoa yule jirani anayepika harisi?"

"Harisi yake chumvi tupu."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kupumua kwa shida. Kisha simu ikakatika.

Mashine ile ya figo hunywa maji kuliko kijiji. Bila kiwanda, haina kazi. Na bila mashine, Ghaliya hakuwa na wiki. Hilo daktari alikwisha kumwambia Azzan peke yake, ukumbini, na Azzan alilibeba kifuani kwa miezi mingi bila kumwambia mtu.

Alifika kwenye lango la kiwanda. Redio ikaita.

"Kipanga, huyu Kiota." Sauti ya Brigedia ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ras al-Milh hakuna kitu. Vizimba vya samaki na ndege. Boti zimezunguka mpaka zimechoka. Hakuna meli. Ova."

Azzan aligeuka nyuma.

Muhanna alikuwa anatabasamu.

"Niliapa kweli, Bwana Azzan. Kosa ni la masikio, si la ulimi."

Mkono wa Azzan ulipanda wenyewe. Akauteremsha, akaupiga usukani. Akachukua simu na kumtafuta mkuu wa Kituo cha Bahari.

"Dakta Raya?"

"Usiniite Dakta, niite mjinga. Yule nyoka nimemfundisha mimi." Dakta Raya alikuwa mwanamke wa makamo, na tangu asubuhi alikuwa akiikokotoa bahari upya, kwa vipimo alivyoviomba tena kutoka kwenye vyombo vinavyoelea. "Haya, sema. Nasikia ameapa. Aliapa nini? Neno kwa neno."

"Mkondo wa kusini ndio utakaoifikisha sumu kwenye mdomo wa kiwanda."

"Na ninyi mkaenda kusini," Raya akasema.

"Tungekwenda wapi?"

"Ya Rabbi. Hii shamal inayotutia mchanga machoni, ni upepo wa wapi?"

"Wa kaskazini."

"Unatoka kaskazini au unakwenda kaskazini?"

"Unatoka."

"Basi nisikilize. Upepo huitwa kwa unakotoka. Lakini mkondo, kwetu sisi watu wa bahari, huitwa kwa unakokwenda. Mkondo wa kusini ni maji yanayokwenda kusini. Wanafunzi wangu hukosea hapo kila mwaka, na kila mwaka nawanyima chai."

"Mwezi huu maji hupanda, Dakta. Wavuvi wote—"

"Miaka mingine. Mwaka huu Bahari ya Hindi imepinda. Upande wa Afrika umechemka, upande wa Sumatra umepoa, pepo zikahama, na mikondo yetu ikazifuata. Hesabu imemalizika sasa hivi, iko mbele yangu. Maji yamegeuka. Yanashuka kusini."

"Kwa hiyo meli..."

"Iko kaskazini, baba. Ras al-Ghurab."

Ras al-Ghurab. Alikokuwa akikimbilia Muhanna. Azzan alimkamata mtu anakimbilia kaskazini, kisha akapeleka jeshi kusini. Ilimuuma kuliko risasi.

"Kiota, huyu Kipanga. Nimekosea. Wako kaskazini, Ras al-Ghurab. Helikopta? Ova."

"Vumbi. Hazioni hata pua zake. Ova."

"Boti?"

"Zinageuza. Haziwahi."

"Basi ni mimi."

"Una nini, Kipanga?"

"Bastola na hasira. Ova na basi."

Akakanyaga mafuta.

Chini ya Ras al-Ghurab pana hoteli ya watalii. Siku ile ufuko ulikuwa mtupu. Chini ya mwavuli alikuwa amekaa Joby, Mhindi wa Kerala anayekodisha pikipiki za majini, amejifunga taulo usoni.

"Leo hatukodishi, bosi. Vumbi."

Azzan akamwonyesha kitambulisho.

"Hata wenye vitambulisho husema watarudisha," Joby akasema.

Azzan akamtupia ufunguo wa Land Cruiser. "Shika rehani."

"Na yule aliye ndani?"

"Mpe maji. Usimpe simu."

Pikipiki ya majini, Sea-Doo, ikanguruma. Ufuko ukapotea nyuma yake. Mbele hapakuwa na kitu ila ukungu wa rangi ya majani makavu, na mawimbi mafupi yaliyompiga kifuani kama ngumi. Macho yalimuuma. Alikuwa anaomba kimoyomoyo, yeye ambaye huomba kwa nadra, na dua yake ilikuwa fupi: bado, Mola, iwe bado.

Kivuli. Kikawa chuma. Kikawa ubavu wa meli.

Al-Nawras.

Alirusha kamba ya pikipiki, yenye nanga ndogo, akapanda. Mlinzi wa kwanza alikuwa amegeuzia upepo mgongo, kama afanyavyo kila mtu mwenye akili siku ya shamal. Kitako cha Glock kikamlaza. Wa pili aliwahi kuinua bunduki.

Hakuwahi kufyatua.

Desmet alikuwa amesimama juu ya tangi, kwenye sitaha ya nyuma, nyundo mkononi. Mtu mwembamba, nadhifu, mwenye kusema Kiarabu cha vitabuni.

"Weka chini!" Azzan akaamuru.

"Nimeshaweka." Nyundo ikaanguka. Pembeni yake gurudumu la vali lilikuwa limevunjwavunjwa. "Umechelewa kidogo tu, ndugu. Pampu zinasukuma, vali haifungiki. Presha ikijaa, mfuniko utafunguka wenyewe. Ningekuwa wewe ningekwenda kununua maji mapema."

Akaruka ukingoni, akaangukia kwenye boti yake ndogo iliyofungwa chini.

Azzan alifyatua mara moja. Injini ya boti ikanyamaza. Desmet akabaki akielea, akitukana kwa lugha ya kwao, huku vumbi likimfunika.

Azzan akazima pampu kwa kukata nyaya zake. Haikusaidia kitu, presha ilikuwa imeshajaa. Mfuniko wa tangi ulikuwa tayari unalia, boliti moja ilikuwa imeruka, na harufu kali ilikuwa ikimchoma pua. Alikimbilia chumba cha usukani. Chini ya meza ya ramani kulikuwa na mtu amejikunja.

"Usiniue. Mimi Sabir, nashika usukani tu," mtu yule akasema. "Waliniambia ni maji ya kuoshea matangi."

"Unajua kuigeuza?"

"Najua. Twende wapi?"

Hilo hata Azzan hakulijua. Akatoa simu ya setilaiti.

"Dakta, tangi litapasuka. Siwezi kulizuia. Nilipasulie wapi?"

Raya hakuuliza maswali ya kipuuzi. "Mashariki. Nje ya pwani kina huanguka ghafla. Hapo kuna maji yanayozunguka, duara kubwa kuliko wilaya. Kitakachoingia mle hutupwa bahari kuu, hakirudi huku."

"Linaanzia wapi?"

Akampa majira ya mahali hapo, Sabir akayaandika kwa chaki kwenye ukuta. Kisha sauti ya Raya ikapungua.

"Lakini sikia. Modeli yangu si wahyi. Ukingo wa duara unahama kila siku. Unaweza kuwa hapo nilipokwambia, unaweza kuwa mbele yake. Ukimwaga kabla, umetumwagia sisi. Ndani ya duara maji ni baridi. Hamna kipimo cha joto la bahari humo?"

"Kipo," Sabir akadakia. "Cha maji ya kupozea injini. Hiki hapa."

"Basi msiniamini mimi. Kiaminini hicho."

Meli ikageuka. Ilikuwa kuukuu, ikalia mifupa yote. Azzan akashuka tena sitahani, akaburuta gogo la mbao, akaligandamiza juu ya mfuniko na kulikaza kwa mnyororo. Kifungo cha mnyororo kilimshinda. Gogo likawa linanyanyuka na kushuka.

Akalilalia kwa mgongo.

Kipaza sauti cha meli kikakoroma. "Bosi, kipimo kinasema thelathini na tatu."

"Endelea!"

Boliti nyingine ikaruka. Maji mazito ya kijivu yakapenya pembeni ya mfuniko, yakaingia kwenye shati lake, yakamteremka mgongoni. Yalikuwa ya moto. Hayakumuuma mwanzoni, na alijua kwamba kitu kisichouma mwanzoni ndicho cha kuogopwa.

Alikuwa anaogopa. Nani kasema majasusi hawaogopi? Akavisimika visigino kwenye chuma, akasukuma.

"Bosi! Tumefika alipotaja Dakta!" Sabir alikuwa analia. "Ndiyo hapa! Achia tukimbie!"

"Kipimo?"

"Thelathini na tatu!"

"Hakijashuka?"

"Hakijashuka, lakini ndiyo hapa, Dakta kasema ndiyo hapa!"

Kuachia lilikuwa jambo dogo. Kuinuka tu. Mtaalamu alisema hapa, hakuna ambaye angemlaumu. Akamwona Ghaliya amekaa kwenye kile kiti cha bluu, miguu imevimba, akimcheka jirani wa harisi.

"Endelea mashariki, Sabir."

"Tutakufa!"

"Wewe huna haja ya kufa. Pikipiki iko chini, kamba unaiona. Fungia usukani uende zako."

Kipaza sauti kikanyamaza. Meli iliendelea. Azzan alidhani amebaki peke yake, akauma meno, akajikaza. Vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Ladha ya chuma ilimjaa mdomoni.

Kikakoroma tena.

"Thelathini na mbili." Sabir hakuwa ameondoka. "Bosi? Thelathini na moja. Ishirini na tisa. Inaanguka, bosi. Ishirini na sita! Wallahi, ishirini na sita!"

Azzan akajiviringisha pembeni.

Mfuniko ukaruka na gogo lake. Uchafu ukapanda juu kama mti, ukainama, ukamwagika baharini. Maji yaliupokea, na hapo hapo yakaanza kuuvuta kwenda mbali na nchi.

Samaki wengi walikufa siku ile. Nisiseme uongo, walikufa. Raya alipoliona doa lile baadaye kwenye picha za angani, likizunguka polepole na kutokomea bahari kuu, hakushangilia. Alikaa akaliangalia mpaka lilipopotea. Kisha akapiga simu kiwandani akasema fungueni.

Boti za doria zilimwokota Desmet akiwa anapelekwa kusini na maji. Sabir alipewa blanketi na sigara. Joby akarudishiwa Sea-Doo yake na mkwaruzo mmoja, akalalamika sana. Muhanna alikuwa bado anasema kwamba hajaapa uongo, na hakimu alikubaliana naye kwa hilo moja.

Azzan alioga, akaandika ripoti fupi, akalala. Alipoamka mkojo haukutoka. Kesho yake pia.

Daktari hakuzungusha maneno.

"Zebaki imepita kwenye ngozi. Figo zimelala."

"Zitaamka?"

"Huenda. Kwa wengine huamka baada ya majuma. Kwa wengine haziamki. Kwa sasa tutakusafisha damu kwa mashine."

"Leo?"

"Sasa hivi."

Muuguzi alileta kiti cha magurudumu. Azzan alikitazama kama mtu anayetazama tusi. Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akatia mikono mfukoni, akaenda kwa miguu yake mwenyewe ukumbi mzima, mrija wa plastiki waliomtia shingoni umechomoza kwenye ukosi wa shati.

Ghaliya alikuwa amekaa kwenye kiti cha bluu, damu yake ikizunguka ndani ya mashine. Miguu ilikuwa imeshuka. Rangi ilikuwa imemrudi.

"Leo umekuja kunitazama? Jua limetoka wapi?"

"Nimekuja kupanga. Kiti cha jirani kina mtu?"

Alianza kucheka. Kisha akauona mrija shingoni. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, machozi yakijaa polepole, na hakuyafuta.

"Wewe mwanamume," akasema, "hata ugonjwa unaniiga?"

Azzan akakaa. Muuguzi akamuunganisha, akafungua bomba ukutani, na maji yakasikika yakiingia. Ghaliya akanyoosha ule mkono usio na sindano, akaushika wa mumewe.

"Inauma?" Azzan akauliza.

"Mwanzo tu. Halafu unachoka, unalala."

Simu ikatetemeka mfukoni. Kiota. Azzan akaizima, akavua miwani, akafumba macho.